Wodi Iliyongoja Mgeni

Eldoret
11 Mei 1985

Kwa dada Seline,

Salamu ni nyingi kama mahindi ya mashamba ya Soy wakati wa kuvuna. Zigawe mwenyewe, mimi sina wakati, wateja wamepanga laini.

Mimi ni mzima, na si mzima tu, nimekuwa mtu. Hapa nyuma ya soko ninapotengenezea baiskeli siku hizi hawasemi tena "yule kijana Mjaluo", wanasema "fundi". Juzi mwalimu mzima na tai shingoni aliniletea baiskeli iliyoshinda mafundi wengine wote. Niliinamisha sikio tu, nikamwambia ugonjwa uko kwa ekseli. Alinitazama kama anataka kuniuliza nilisomea wapi. Darasa la sita niliacha mimi, akili haikuniacha.

Sasa nasikia mambo. Shemeji Elphas alipita hapa akirudi kwa trekta zake kule Moiben, akanywa chai yangu yote, ndipo akasema ati una mimba ya miezi sita. Sita, Seline. Najua huko mnaficha tumbo mpaka lijitangaze lenyewe, lakini mimi nina jicho gani la kukurogea mtoto? Nimekusamehe. Nimempa dereva wa lori la maziwa viatu vyako vya plastiki, vya buluu, saizi yako. Vivae Jumapili, wamama wa Chepsaita wajue una ndugu mjini.

Ndugu yako tajiri mtarajiwa,
Jacktone Ouma

*

Chepsaita
19 Mei 1985

Kwa Jacktone,

Viatu vimefika na vimesifiwa. Mguu umekataa kuingia. Nilisukuma, Mama Perez akasukuma, tukacheka mpaka tukakaa chini. Miguu imevimba, na asubuhi hata macho yanafunguka kwa shida kama ya mtoto aliyelia. Huyo mama mkwe wangu amefurahi sana. Anasema miguu ya namna hii ni mvulana, Elphas alimvimbisha hivi hivi. Mama Hellen jirani anasema kwao pia ndivyo.

Kichwa ndicho kinaniudhi. Kinauma upande wa mbele siku nzima, na nikiinama kwa jembe naona kama vimulimuli mbele ya macho. Lakini siwezi kukaa. Kikundi chetu cha kulimiana kiko shambani kwangu wiki hii, na mwenye shamba akilala wengine wakilima ataitwa jina ambalo hata mjukuu wake atalirithi.

Usiniletee viatu vingine. Kunywa hiyo chai yako polepole.

Dada yako,
Seline Awuor

*

Eldoret
26 Mei 1985

Kwa Seline, mke wa Elphas, mama wa mvulana mnene,

Barua yako nilicheka, nikaitembeza. Chumba cha pili hapa plotini anakaa Sista Leonida, muuguzi wa hospitali kubwa, msichana wa Webuye ambaye ananipenda ila bado hajajua. Nikamwambia, sikia, dada yangu ameshiba mpaka viatu vinamkataa. Nilitaka acheke.

Hakucheka. Aliniuliza juu ya kichwa. Nikasema kinauma. Akauliza juu ya macho. Nikamsomea pale pa vimulimuli. Aliweka ndoo ya maji chini, akaniuliza kama mimi ni mjinga wa kuzaliwa au nilijifunza. Mimi, Seline. Mbele ya majirani.

Anasema hiyo si mvulana, hiyo ni presha ya mimba. Inapanda kimya kimya, mama anaweza kuanguka akapata degedege, afe yeye na mtoto. Anataka upimwe wiki hii, presha na mkojo.

Sasa mimi nauliza, na nauliza kwa hasira. Zahanati si iko hapo ng'ambo ya mto? Mnapita hapo mkienda sokoni. Mtu anavimba uso na nyinyi mnakaa mnacheka na kusema mvulana. Hii ndiyo sababu watu wa mjini wanatudharau. Mwambie Mama Perez, kwa heshima zote, huu ni ujinga. Acha jembe, njoo ukae kwangu karibu na hospitali mpaka ujifungue. Chumba kina dirisha la kioo.

Jacktone

*

Chepsaita
3 Juni 1985

Jacktone,

Barua yako sikumsomea Mama Perez. Ile sehemu ya ujinga nimekuwekea wewe mwenyewe.

Unajua nimeenda zahanati hiyo mara ngapi? Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu. Sasa nitakuandikia.

Mwaka juzi chifu aliita baraza, akasema tutajenga wodi ya kina mama kwa harambee. Kila mama alitoa kuku. Mchanga tuliubeba kichwani kutoka mtoni, wanaume wakiwa wamekaa kwa kamati. Nyumba ikasimama, mabati yakapigwa, vitanda vikaja na magodoro yakiwa bado na karatasi ya nailoni. Mashine ya kupima presha ikaja. Halafu chifu akafunga mlango, akasema hakuna kuingia mpaka mgeni wa heshima aje kukata utepe. Tangu Krismasi tunamngoja. Leo ana mkutano, kesho yuko Nairobi. Kufuli liko pale, na funguo iko mfukoni mwa chifu.

Sisi tunapimwa kwenye veranda, kwa mkono, mbele ya watu wa malaria. Nilisema kichwa kinaniuma, nikapewa vidonge vyeupe. Nikauliza presha, kwa sababu Mama Hellen alisikia neno hilo kwa redio. Muuguzi akasema mashine iko ndani, kwani mimi ni nani hata ifunguliwe kabla ya mheshimiwa kuiona? Niliporudi mara ya pili nikasema macho. Akaniambia nilipokuwa nafurahia na bwanangu sikumwita, basi nisimwite sasa. Veranda yote ilicheka, Jacktone. Hata wanaume waliokuja kufungwa vidonda walicheka. Mara ya tatu nilifika mpaka mtoni nikageuka.

Wewe unadhani hatujui kuvimba ni ugonjwa? Tunajua. Mama Hellen alizika mke wa mwanawe wa kwanza akiwa amevimba hivi. Tunasema ni mvulana kwa sababu mtu akikwambia ni ugonjwa utamwuliza, basi niupeleke wapi? Ukiambiwa ni mvulana, huulizi hivyo.

Na huko kwako siwezi. Umekaa mjini mpaka umesahau? Mwanamke aliyeolewa hazalii nyumbani kwa ndugu yake. Mama Perez aliposikia neno la kuja kwako aliweka kisu chini, akasema mtoto atakayezaliwa kwa mjomba ataanza maisha na laana, na mimi sitazaa tena. Usimwandikie ujinga. Amezika watoto wake wawili, anaogopa.

Seline

*

Eldoret
9 Juni 1985

Dada yangu Seline,

Nimesoma barua yako nikavunja spoku ya baiskeli ya mtu. Samahani kwa lile neno. Nilikuwa nalitupia mtu asiyehusika.

Wamefungia mashine ndani kama bibi arusi. Nyinyi mmebeba mchanga na mheshimiwa ndiye wa kwanza kupimwa? Yeye atajifungua nini? Nilitaka nije niivunje hiyo kufuli kwa bisbisi, maana kufuli yoyote ya Eldoret naifungua kwa msumari, lakini Sista Leonida ananiambia kufuli ya serikali inavunjwa na watu wenye mawakili.

Sasa sikia akili ya mtu wa darasa la sita. Nilienda kwa Mzee Isaiah, yule mlinzi wa ghala, anayejua mambo yote ya kwetu. Nikamwuliza, mzee, kwa nini nyumba yangu ni yangu? Akasema wewe kijana huna nyumba, una mahali pa kulala, kwa sababu nyumba ni moto wa mwanamke na wewe huna hata mwanamke wa kukuchemshia maji. Alinitukana vizuri. Nikamwuliza, je, mama mwingine akija na jiko lake mwenyewe, akawasha moto wake humo, mimi nikatoa kitanda changu na nisivuke mlango tena? Akafikiri mpaka chai yangu ikapoa, akasema basi hiyo ni nyumba ya mama huyo, na wewe ni jirani tu mwenye kelele.

Kwa hivyo nimetoka. Kitanda nimemwuzia Wamalwa wa plotini, naye anajua chumba ni cha Elphas kuanzia leo. Mwambie Mama Perez hajaalikwa kwangu. Mwambie kuna chumba kitupu mjini hakina moto, na mke wa mwanawe anakihitaji.

Leonida anasema usihesabu wiki, hesabu siku.

Jacktone

*

Chepsaita
14 Juni 1985

Jacktone,

Mama Perez nilimsomea yale ya moto. Jioni nikamkuta anafunga jiko lake kwa gunia, na chungu, na majivu ya moto wake kwa kopo. Anasema mlango akishauingia yeye, wewe utasimama nje ukipiga hodi kama muuza mkaa. Na anasema Mzee Isaiah ni mtu mwenye akili, lakini wewe una bahati tu.

Tunakuja na lori la maziwa Jumatatu. Elphas hataruhusiwa kutoka shambani mpaka mwisho wa mwezi, kwa hivyo njoo wewe ukae huku na ng'ombe. Utalala kwenye stoo ya mahindi. Mama Hellen atakuonyesha yote, na umsikilize.

Leo mistari inacheza mbele ya macho. Naacha hapa.

Seline

*

Chepsaita
30 Juni 1985

Kwa dada yangu wa mjini,

Tumebadilishana, eh? Sasa wewe una dirisha la kioo na mimi nina panya.

Ng'ombe wako hana adabu. Nimemwambia mimi ni fundi, akanimwagia ndoo. Mama Hellen amenifundisha kukamua, na wamama wa kikundi chako wanakuja kila asubuhi kutazama, wanasema afadhali hii kuliko redio. Nimefungua kazi hapa chini ya paa la stoo. Hakuna baiskeli ya Chepsaita ambayo haijapita mikononi mwangu, na hizi baiskeli, Seline, zinabeba magunia asubuhi na wenye uchungu wa kuzaa jioni. Breki hazina. Nikiuliza, wanasema ukibeba mama anayezaa unahitaji kuendelea, si kusimama.

Nimekaa nikisikiliza. Nilidhani wanaongea umbea tu. Mmoja alijifungulia kwenye nyasi ng'ambo ya mto, kwa sababu muuguzi alisema bado, arudi kesho. Mwingine anasema haendi tena, mama mkunga wa kijijini hana dawa lakini anakushika mgongo na kukuita kwa jina lako. Mama Hellen akasema mtu anaweza kuvumilia uchungu, kucheka kwa watu ndiko kunamshinda. Mimi niliyecheka barua yako nilikaza nati iliyokuwa imekazwa tayari.

Sasa tupe habari. Mpwa wangu amefika? Mwambie asitoke na kichwa cha babake. Nimeanza kumtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu kwa vyuma vilivyobaki, na kengele nimeshaweka. Wamama hapa wananiita Mjomba, na mimi naitika.

Jacktone

*

Eldoret
7 Julai 1985

Jacktone,

Nakuandikia nikiwa wodini. Salamu zako nimezipata, na maziwa ya Mama Hellen pia, mwambie ahsante.

Hatukukaa chumbani sana. Mama Perez aliwasha moto wake, tukalala, na siku ya pili yake nikaanguka mlangoni. Sikumbuki. Sista Leonida ndiye aliyenileta huku. Nilikuja kujijua kwa sauti ya Mama Perez akinisemesha. Macho yangu yamerudi, nasoma vizuri. Presha ndiyo haitaki kushuka, kwa hivyo wameniweka.

Daktari mkubwa alipita na wanafunzi wake. Akasimama kwangu akawaambia hawa ndio kina mama wa mashambani, wanakuja mambo yakiwa yameharibika. Akamgeukia Mama Perez akamwuliza, kwa ile sauti ya kuongea na mtu kiziwi, ni imani gani za kienyeji zinazowafanya wakawie. Mama alikuwa ananikanda mguu. Hakuacha. Akasema, "Daktari, imani yetu ilikuwa kwamba mlango utafunguliwa."

Hawakuelewa. Mwanafunzi mmoja aliandika.

Usiharakishe kurudi. Chunga ng'ombe.

Seline

*

Chepsaita
12 Julai 1985

Dada,

Barua yako niliipata wamama wakiwa hapa wakipukuchua mahindi. Wakaniambia niwasomee, nami nikasoma kwa sauti ya mhubiri, kwa sababu napenda kusikilizwa. Pale kwa daktari walipiga makofi. Nikamaliza, nikasema, huyu dada yangu ni mvivu, ameandika yote hata kumshukuru ng'ombe na hajasema kama ni mvulana au msichana.

Mama Hellen aliweka gunzi chini. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakanisalimia kwa mkono kila mmoja, mimi, kana kwamba nimekuwa mzee. Bado sikuelewa. Chepkoech, yule mke wa mwana wa mwisho wa Mama Hellen, naye ana tumbo kubwa, ndiye aliyeniambia polepole, "Mjomba, angekuwepo angeandikwa wa kwanza."

Seline. Ile barua yangu yenye kengele ya baiskeli. Ichome.

Chifu amepita leo na kipaza sauti. Mgeni wa heshima anakuja Jumamosi ijayo. Kikundi cha wamama kimeagizwa kije na sare na nyimbo tatu za shukrani. Nilitaka kumrushia spana. Mama Hellen alinishika mkono akamjibu chifu kwamba wamesikia.

Jacktone

*

Eldoret
16 Julai 1985

Ndugu yangu,

Sikuichoma. Ni barua pekee iliyomwita mtu.

Alikuwa msichana. Alikuwa amekwisha kuaga kabla hawajamtoa, kwa hivyo hata kilio chake sikijui. Elphas alipewa ruhusa ya siku moja akafika, yeye na Mama Perez wakamzika mtoto, nami nilikuwa bado sijijui. Mama aliniambia mambo mengine yote, lile akalibakiza mpaka nilipouliza. Sikukuandikia kwa sababu ningeliandika lingekuwa kweli na huko pia.

Leonida anasema wangeniona mwezi wa nne au wa tano, kwa mashine ile tu, wangejua. Hakulisema kwa ubaya. Amekuwa akilisema peke yake, nadhani, akifagia.

Usiwaambie wamama wafanye nini Jumamosi. Usiwatungie maneno, najua unavyopenda kutunga. Wao wanajua.

Seline

*

Chepsaita
21 Julai 1985

Kwa Seline,

Sikuwatungia neno. Nilisimama nyuma kabisa, kwenye ua, na baiskeli yangu. Hili nakuandikia kama nilivyoliona.

Mheshimiwa alikuja na magari yake. Hotuba zikawa nyingi. Akasifiwa kwa wodi, akasifiwa kwa vitanda, mpaka mchanga ukasifiwa ati ni wa maendeleo. Kisha chifu akawaita wamama waimbe. Walikuwa wamepanga mistari na sare zao. Hawakuimba. Hawakupiga kelele wala hawakuondoka, walisimama tu wakimtazama kama watu wanaongoja maji yachemke. Chifu akaita tena. Mtoto mmoja akakohoa. Mheshimiwa akacheka kidogo, akasema basi wameona haya, akakata utepe, chifu akafungua kufuli.

Hapo ndipo walipotembea. Walimpita mheshimiwa kwa adabu, "shikamoo, tupishe kidogo," wakaingia ndani mbele yake. Nilikimbia dirishani. Kila mmoja alipanda kitanda akalala chali, na viatu, juu ya nailoni. Wenye mimba na wasio na mimba. Mama Hellen, mtu wa wajukuu, alilala cha kwanza, akakunja mikono kifuani. Kitanda kimoja tu, cha karibu na dirisha, kilibaki kitupu.

Mheshimiwa akasimama mlangoni hajui pa kuweka mikono. Chifu alikuwa anatoka jasho. Yule mke wa mheshimiwa, naona alitaka kusaidia mambo yawe mzaha, akaenda kukaa kwenye kitanda kile kitupu. Mama Hellen akasema bila kuinua kichwa, "Hicho kina mwenyewe, mama."

Mheshimiwa akasema, "Simwoni mtu."

"Sisi pia hatukumwona," Mama Hellen akasema. "Mama yake alimleta tangu mwezi wa tano. Mlango ulikuwa unakungoja wewe."

Mke wa mheshimiwa aliondoka pale kitandani kana kwamba kimemchoma.

Wamama walikataa kuinuka mpaka mashine itolewe sandukuni. Muuguzi aliifungua. Karatasi ikamshinda kuchana, na mmoja wao akamsaidia kuichana, hakumtukana. Akaanza kupima mkono mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Chepkoech alipima, akapima tena, akamtazama usoni, akatoka mbio kwenda kwa mheshimiwa mwenyewe. Sijui alimwambiaje. Ninachojua ni kwamba Chepkoech aliondoka hapa kwenye kiti cha nyuma cha gari lenye bendera, Mama Hellen kando yake, na mheshimiwa akabaki veranda anangoja gari lingine, pale pale mlipokuwa mnangoja nyinyi.

Leo asubuhi chifu ameniita. Anasema wamama hawawezi kufikiria jambo kama lile wenyewe, lazima kuna kijana wa mjini aliyewachochea, kwa hivyo nifunge spana zangu nitoke Chepsaita kabla ya kesho. Mimi ninayejisifu kwa kila kitu nimepewa sifa ya bure na sikuweza kuipokea. Nilimwambia ukweli: mzee, mimi nilikuwa nimeshika baiskeli. Hakuniamini. Wamama waliposikia ndipo nikaona hasira yenyewe. Wameenda kwake sasa hivi, kundi zima, kumweleza ni nani aliyefikiria.

Naandika haraka dereva wa lori ananingoja. Chepkoech amelazwa huko huko kwenu tangu jana jioni. Hajawahi kutoka Chepsaita, Kiswahili chake ni kidogo, na anaogopa masista kuliko anavyoogopa presha. Mtafute. Mwambie wasogeze kitanda chake karibu na chako, na sista akija umshike mkono, umwite kwa jina lake.

Jacktone